Mafuta Meupe ya Februari

Jumanne, tarehe 8 Februari 1955, saa kumi na mbili asubuhi, Manase Kaduma alifungua mlango wa banda la trekta nje kidogo ya mji wa Njombe, akapiga hatua tatu, akasimama. Manase alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa ngano, mtu mfupi mwenye sauti ya kusikika mabonde mawili. Nyuma yake aliingia Mzee Enoki Mhema, mtunza stoo, akikung'uta tope kwenye viatu.

"Bibi amefanywa nini?" Manase akauliza, na safari hii sauti yake haikuvuka hata mlango.

Bibi ndilo jina walilolipa trekta. Lilikuwa limetengenezwa kabla ya vita na kununuliwa kwa mzungu mmoja wa mashamba aliyekuwa anarudi kwao. Kila asubuhi lilikohoa wee ndipo likawaka. Fahari yake ilikuwa mikono miwili ya chuma huku nyuma, inayoinua plau yenyewe. Dereva anavuta wenzo, pampu inasukuma mafuta kutoka kwenye tangi dogo, na mikono inapanda taratibu na plau lake. Bila pampu na tangi, Bibi angelima mstari mmoja tu, halafu watu wanne wangelazimika kuliinua plau kwa nguvu za mgongo kila alipogeuka.

Sasa pampu haikuwepo, wala tangi. Mahali pake palibaki chuma kitupu na mipira miwili ya mafuta ikining'inia.

Koplo Yoeli Nyagawa alifika saa tatu kwa baiskeli. Alikuwa mnene kidogo kwa polisi, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na desturi ya kuchuchumaa mbele ya kitu na kukitazama mpaka wenye kitu wachoke. Alichuchumaa nyuma ya Bibi kwa dakika ishirini. Manase alianza kusema kuhusu wezi, akachoka, akakaa juu ya gunia la mbegu.

Haya ndiyo aliyoyaandika koplo kwenye daftari lake. Kufuli la mlango lilikuwa zima. Funguo zilikuwa mbili, moja ya dereva, Filbert, nyingine ya Mzee Enoki. Boliti nne zilizoshika pampu hazikutupwa, zilirudishwa kila moja kwenye tundu lake na kukazwa kwa vidole. Midomo ya mipira ilizibwa kwa ganda la mwanzi lililofungwa kwa uzi wa gome, lisiingie vumbi. Chini sakafuni palikuwa na doa lenye unyevu, na juu ya doa nyuki watano, ambao koplo aliwafukuza kwa kofia na wakarudi. Nje kulikuwa na tope bichi, kwa sababu Jumatatu mvua ya mawe ilinyesha tangu saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kwenye tope lile kulikuwa na nyayo za watu wawili tu, zote za asubuhi ile, za Manase na za Mzee Enoki.

Ganda la mwanzi lilimfanya atabasamu peke yake. Baba yake kule Wanging'ombe alikuwa mgema wa ulanzi, na yeye mwenyewe alikua akipanda na kushuka katika mianzi, asubuhi na jioni, kukata ncha changa na kufunga mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga pombe. Ganda hili lilikunjwa vilevile, upande laini ndani na upande wenye manyoya ya kuwasha nje. Uzi ulizungushwa mara tatu, ncha ikasokotwa chini. Hivyo ndivyo mgema anavyofunika mbeta yake wadudu wasiingie.

"Katika chama chenu nani anagema?" akauliza.

Manase alinyoosha mgongo. Akaeleza kwamba chama ni cha Walutheri watupu, kwamba ulanzi hauingii katika banda hili wala katika vinywa vya wanachama, na kwamba Mzee Enoki hapa, ambaye ni mzee wa kanisa, ndiye aliyeiandika kanuni hiyo kwa mkono wake na kuibandika mlangoni. Kanuni ilikuwepo kweli, kwa mwandiko mzuri. Mkatoliki alikuwa mmoja tu, naye hakuwa mwanachama, alikuwa dereva wa kuajiriwa.

"Filbert," Manase akasema. "Na ufunguo anao."

Hapo Mzee Enoki akasema kwa upole kwamba kijana asionewe, vyuma huenda vitarudi, tusiharakishe. Koplo alimtazama na kumpenda. Alikuwa mzee mrefu wa miaka kama sitini, aliyewahi kufanya kazi mashamba ya katani Tanga ujanani, na tangu arudi alijulikana kwa kwaya na kwa kuweka vitu mahali pake. Stoo yake, pembe ya banda iliyotengwa kwa mbao, ilikuwa safi kuliko jiko la bibi harusi. Kulikuwa na magunia ya mbegu, galoni mawili ya mafuta, jekundu na jeusi, na nusu pipa la mafuta ya taa la kuoshea vyuma, limefunikwa ubao, na juu ya ubao vitabu vya nyimbo vya kwaya vimepangwa kwa ukubwa.

Filbert aliitwa. Alikuja anapiga chafya. Alikuwa kijana wa Bulongwa mwenye mabega mapana, pua nyekundu na leso iliyolowa.

"Jana ulianza kazi saa ngapi?" koplo akauliza.

"Saa kumi na mbili, afande. Nikakagua tangi la pampu, limepungua. Nikaongeza mafuta kutoka kwenye galoni la stoo, lile jekundu."

"Mafuta mazuri?"

"Yalikuwa meupe kidogo kwa baridi. Nikajua Bibi akipata joto yatayeyuka."

Koplo aliandika bila kufikiri. Nani Njombe hajawahi kukwangua mafuta ya kupikia kwa kijiko asubuhi?

Filbert akaendelea. Kufika saa tano mikono ya plau ikaanza kutetemeka, inapanda nusu inashuka, na povu likatoka kwenye kifuniko cha tangi. Saa sita akamweleza mwenyekiti. Mwenyekiti akatangaza mbele ya wanachama wote kwamba Jumatano Kristofa, fundi wa Makambako, atakuja kuifungua pampu hadharani, kila mtu aone ugonjwa wake. Saa tisa na nusu Filbert akamrudisha Bibi bandani. Saa kumi, matone ya kwanza yalipoanguka, akaondoka kwenda misheni kwa padre kwa mafundisho ya ndoa, lakini mvua ya mawe ikamkamata njiani, akajibanza peke yake chini ya kibanda cha kukaushia pareto mpaka giza. Hakuna aliyemwona.

"Mafundisho ya ndoa," koplo akarudia.

Filbert akatazama chini. Matangazo mawili ya ndoa yake na Konsolata yalikwisha kusomwa kanisani. La tatu lilikuwa Jumapili hii tarehe 13, na harusi Jumamosi tarehe 19. Ikipita hapo, Jumatano ya Majivu ni tarehe 23, na katika Kwaresima padre hafungishi ndoa. Na baba yake Konsolata, Mzee Yosefu, alikwisha kupata habari kabla chai haijapoa, akatuma neno kwamba binti yake haolewi na mtu mwenye kesi.

Manase akamalizia kwa kauli yake. Pampu isipoonekana kufikia Jumamosi adhuhuri, atatia sahihi mashtaka.

Jumatano, kwa kuwa fundi hakuwa tena na pampu ya kuja kuifungua, koplo mwenyewe alipanda lori la mbao kwenda Makambako. Manase alikuwa amemwambia kwamba Kristofa alikuwa na trekta la aina ileile lililokufa pampu, na kwamba Januari alikuja Njombe kuuliza kama Bibi anaweza kuuzwa vipande vipande. Saa nne na nusu koplo aliingia kwenye karakana ya Kristofa karibu na njia panda, na kitu cha kwanza alichokiona juu ya meza kilikuwa pampu.

Akaanza hata kutunga sentensi za ripoti.

"Iguse," Kristofa akasema bila kuacha kupiga nyundo.

Koplo akaigusa. Kutu ilimbaki kidoleni, na ndani ya tundu la mafuta buibui alikuwa amejenga makao ya kudumu. Ilikuwa pampu iliyokufa zamani. Kristofa akacheka, koplo naye akacheka, na kikombe cha chai kikaletwa.

Baada ya chai Kristofa alisaidia kuliko alivyoombwa. Alichora trekta kwa chaki mezani, akaeleza kazi yenyewe. Unamwaga kwanza mafuta ya tangi. Unafungua mipira na kuziba midomo. Unalegeza mikanda ya tangi na kulishusha. Halafu boliti nne za pampu, ambazo mbili za juu hazionekani, unazitafuta kwa vidole huku spana inakuponyoka. Kwa anayejua ni saa moja na nusu. Asiyejua atabaki hapo mpaka mwakani.

"Sasa nikuulize mimi," Kristofa akasema. "Ninataka pampu, sikatai. Lakini tangi la nini? Tangi la Bibi limetoboka, limezibwa kwa sabuni, Njombe nzima inajua. Mwizi wa pampu angekata mikanda na kuliacha. Na huyo uliyenieleza, aliyerudisha boliti kila moja kwenye tundu lake, huyo alikuwa na nia ya kurudi."

Koplo alirudi Njombe jioni, amekaa juu ya mbao, akiwaza juu ya tangi bovu. Hakuiba pampu huyu mtu. Alitaka kile kilichokuwa ndani ya tangi. Lakini ndani ya tangi mna nini zaidi ya mafuta? Na Filbert aliingia na Bibi saa tisa na nusu, akatoka saa kumi. Nusu saa haitoshi kazi ya saa moja na nusu, ikiwa kweli alitoka saa kumi.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikwenda kumtafuta Yudita, mama anayechoma mahindi mabichi mkabala na lango la banda. Yudita alikuwa anaona kila kitu na kutoulizwa chochote, jambo lililomuudhi sana. Alisema Filbert alitoka saa kumi, mikono mitupu, leso puani, kengele ya shule ilikuwa imetoka kulia. Mvua ilipokuja yeye alihamisha jiko lake chini ya upenu ng'ambo ya barabara, akakaa mpaka mvua iishe. Hakuna mtu aliyeingia.

"Na Mzee Enoki alitoka saa ngapi?"

"Mvua ilipopungua, kabla haijamwagika mara ya mwisho na kufuta hata nyayo zake. Kama saa kumi na mbili kasoro hivi, mikono mitupu. Alikuwa anaimba humo ndani, mawe yanapiga bati na yeye anaimba kwa nguvu zote. Nyimbo za Pasaka, baba, Februari."

Koplo alifungua daftari. Mzee Enoki alikuwa amesema alifunga banda saa kumi na moja. Koplo alijieleza kwamba wazee hawana saa, kwamba mtu hatoki kwenye mvua ya mawe, na kwamba hakuna mzee wa kanisa anayeiba. Hakupenda kule akili yake ilikokuwa inakwenda, akaizuia kama mtu anavyomshika ndama sikio.

Aliporudi kituoni alimkuta Konsolata kwenye benchi. Alikuwa msichana wa maneno machache, mshonaji wa misheni, na alikuja bila kumuaga baba yake. Alisalimia kwa heshima, "Kamwene", akasimama wima mbele ya meza.

"Afande, nimekuja kusema Filbert si mwizi. Najua hilo si ushahidi."

"Si ushahidi, dada."

"Basi nikupe huu. Mtu anayeiba lazima awe na pua na masikio mazima. Filbert tangu Ijumaa ana mafua, hasikii harufu. Jumapili mdogo wangu alimwagia maharage mafuta ya taa kwa bahati mbaya. Filbert akala sahani mbili, akasema leo nimepika vizuri kuliko siku zote." Midomo yake ilitetemeka, haikujulikana kwa kicheko au kwa kilio. "Miaka miwili nimemngoja mtu huyu. Sitaki kungoja mpaka baada ya Pasaka kwa sababu ya chuma."

Koplo aliweka kalamu chini polepole. Hasikii harufu. Akarudisha kurasa za daftari, akasoma alichoandika Jumanne bila kufikiri.

"Dada Konsolata, mafuta yenu ya kupikia nyumbani, asubuhi ya leo, yameganda?"

"Februari hii? Hapana, afande. Yanaganda Juni, wakati wa umande wa barafu."

"Asante," koplo akasema, na akacheka mpaka askari mwenzake akachungulia mlangoni. "Ijumaa saa nne njoo bandani. Mlete na baba yako."

Ijumaa saa nne banda lilijaa. Manase alikaa mbele na karatasi ya mashtaka imekunjwa mfukoni. Mzee Yosefu alisimama karibu na mlango na kofia yake kichwani, dalili kwamba hakuja kukaa. Konsolata alisimama nusu ya njia kati ya baba yake na Filbert. Kristofa alikuwa amekuja kwa lori la asubuhi, Yudita alileta na mahindi, na wanachama kumi na wawili waliketi juu ya magunia. Mzee Enoki alisimama karibu na stoo yake.

Koplo alianza kwa kuwaomba radhi kwamba ni mzito wa kuelewa. Alipitia mambo moja moja. Pampu haikutoka baada ya mvua, maana tope halikuwa na nyayo ila za asubuhi. Haikutoka wakati wa mvua, maana Yudita alikuwa ng'ambo na macho yake. Haikutoka kabla ya mvua, maana Filbert alitoka mikono mitupu, na tena hakuwa na muda wa kuifungua.

"Sasa imepitia wapi?" Manase akauliza.

Wakati huohuo mpira mmoja nyuma ya Bibi, ambao koplo alikuwa ameulegeza kizibo chake kabla watu hawajaingia, ulianza kudondosha mafuta sakafuni. Tone, tone, tone. Watu walitazama tone likianguka. Lakini mtu wa kuweka vitu mahali pake hawezi kutazama tu. Mzee Enoki alishapiga hatua, akaokota ganda la mwanzi ambalo koplo alikuwa ameliacha juu ya gurudumu, akaligeuza manyoya nje, akalikunja juu ya mdomo wa mpira, akazungusha uzi mara tatu na kusokota ncha chini. Ilimchukua muda wa kupumua mara mbili. Mafuta yakakoma.

Hapo ndipo alipoitazama mikono yake mwenyewe.

Yudita, ambaye mumewe alikuwa mgema, ndiye aliyeelewa wa kwanza, akaziba mdomo kwa khanga.

"Mzee wangu," koplo akasema kwa sauti ya chini, "Walutheri wa banda hili hawajui kufunga hivyo. Baba yangu alinifundisha mimi. Wewe nani alikufundisha?"

"Baba yangu," Mzee Enoki akajibu.

Koplo akawageukia watu na kuendelea kwa upole, kama anasoma barua ya ndugu. Jumatatu asubuhi Filbert aliongeza mafuta meupe kwenye tangi, akadhani ni baridi, kwa sababu kwao Bulongwa mafuta huganda. Lakini Februari mafuta hayagandi, na mafuta ya mashine hayawi meupe hata Juni. Angenusa tu angejua, ila pua yake ilikuwa imefungwa. Saa tano povu likatoka kwenye tangi, maana kitu kile kikipata joto huchachuka. Jumanne nyuki walikaa juu ya doa lililomwagika. Nyuki hawanywi mafuta ya trekta.

"Wanakunywa ulanzi," akamalizia.

Manase alisimama, akakaa, akasimama tena. "Nani alitia ulanzi kwenye galoni la chama?"

"Pampu haikupita popote, imo humuhumu. Mzee, ondoa vitabu vya nyimbo," koplo akasema.

Mzee Enoki alikwenda mpaka kwenye nusu pipa. Akavichukua vile vitabu kimoja kimoja, akavipanga juu ya gunia kwa ukubwa wake, kwani hata katika aibu hakuweza kuvitupa. Akainua ubao, akapandisha mkono wa shati, akauzamisha ndani ya mafuta ya taa na kutoa pampu. Halafu tangi. Vilimetameta kama siku vilipotoka kiwandani. Kwa siku tatu chama kizima kilikuwa kimekaa hatua kumi kutoka kwavyo.

Hapo akajieleza, na alisema mbele ya wote bila kuficha neno.

"Ninakunywa. Kikombe kimoja jioni, msimu wa ulanzi, nina mianzi yangu saba bondeni. Kanuni niliiandika mimi kwa sababu niliona vijana wanapotea, na kila nilipoiandika nilikuwa najiambia mwenyewe. Nyumbani mke wangu angejua. Kwa hiyo mafuta niliyahamishia kwenye galoni jeusi, na ulanzi wangu nikauweka kwenye jekundu. Nani angefungua galoni la mafuta atafute pombe? Jumatatu alasiri nikaja nikakuta limepungua. Nikasikia habari ya povu. Na Jumatano Kristofa angefungua pampu mbele ya kila mtu."

Tanga, alisema, miaka minane alikuwa msaidizi wa fundi wa mashine za kuchambua katani, spana anazijua kama vidole. Akangoja Filbert aondoke, mvua ikampa kelele, naye akaimba kuongeza kelele. Alitaka kuosha tu. Jumanne alfajiri angerudisha kila kitu, na Jumatano Kristofa angekuta pampu nzima haina ugonjwa wowote. Lakini Jumanne mwenyekiti aliamka mapema, akamkuta njiani, wakaingia pamoja.

"Mwenyekiti akasema wizi," akasema. "Nikanyamaza. Kila siku nilisema kesho nitasema. Filbert, mwanangu, nimekaa nakuona unabeba mzigo wangu, na ulimi haukufunguka. Hilo ndilo kosa langu. Ulanzi ni jambo dogo."

Filbert alitaka kujibu, akapiga chafya badala yake, na Yudita akashindwa. Kicheko chake kilitoka chini ya khanga, akafuata Kristofa, wakafuata wanachama kwenye magunia. Mwisho hata Manase, ambaye alikuwa amekunja uso kwa bidii, alianza kutikisika mabega. Alipoipata sauti yake, ilikuwa ile kubwa ya siku zote.

"Bibi alilewa," akasema. "Nililimiwa nusu ekari na trekta lililolewa."

Aliitoa karatasi ya mashtaka mfukoni, akamkabidhi koplo. Koplo aliitazama, akaieleza sheria kama alivyoielewa yeye, kwamba kitu kisichotoka bandani hakijaibwa, akawashia nayo kiko cha Kristofa.

Pampu ilirudishwa siku ileile. Mzee Enoki na Filbert walilala chali pamoja chini ya Bibi, mmoja akitafuta boliti za juu kwa vidole na mwingine akimpa spana kabla hajaiomba. Kristofa alikaa juu ya gunia na hindi lake, akawaacha, akasema huyu mzee angekuwa Makambako yeye angefunga duka. Saa tisa wakajaza mafuta kutoka kwenye galoni jeusi, na safari hii kila mtu alinusa. Filbert akavuta wenzo. Mikono ikapanda na plau lake, taratibu, bila kutetemeka, na banda zima likapiga makofi.

Mzee Yosefu alikuwa bado mlangoni. Alikuwa amevua kofia, lakini uso wake haukuwa umefunguka. Alimshika Filbert mkono, akamwambia kwamba yeye ameona na ameridhika. Ila misheni nzima imekwisha kusikia wizi. Wajomba wa Konsolata kule Matembwe wamesikia. Mmoja amesema atasimama kanisani Jumapili padre akiuliza kizuizi. "Nitazunguka nyumba ngapi kueleza?" akasema. Konsolata alimtazama Filbert, na furaha ile iliyokuwa imemjaa ikapungua machoni pake. Mzee Enoki alikuwa karibu anafuta spana, akasikia kila neno.

Jumapili tarehe 13, saa tatu asubuhi, kanisa la misheni lilijaa mpaka mlangoni. Koplo Yoeli, ambaye si Mkatoliki, alisimama nje kwenye dirisha. Mjomba wa Matembwe alikaa benchi la tatu, amevaa koti, amekaza taya. Baada ya mahubiri padre alifungua daftari, akasoma tangazo la tatu, Filbert wa Bulongwa na Konsolata binti Yosefu, na akauliza kama yuko mtu anayejua kizuizi chochote cha ndoa hii.

Mjomba alishika benchi ili ainuke. Lakini benchi la nyuma kabisa lililia kabla ya lake. Watu waligeuka. Aliyesimama alikuwa mzee mrefu mwenye koti jeusi, na wengi walimfahamu, wakatazamana, kwa maana tangu misheni ijengwe hakuna aliyewahi kumwona mzee wa kanisa la Kilutheri chini ya paa lile.

"Padre, unisamehe, sijui hapa watu husimama wapi," Mzee Enoki akasema. "Ninajua jambo juu ya kijana huyu. Wiki hii ameitwa mwizi. Pampu ya trekta niliifungua mimi, nikaificha mimi, kwa sababu nilikuwa nimetia ulanzi wangu mahali pasipo pake na niliona aibu. Yeye hakugusa kitu. Jana nimewaambia wazee wenzangu wa kanisa langu, leo nimekuja kuwaambia watu wake."

Mjomba wa Matembwe aliachia benchi, akakaa. Konsolata alikuwa analia wazi bila kujifuta, na Mzee Yosefu akamshika bega.

Padre, mtu mzima mwenye subira, alimtazama mzee yule juu ya miwani yake.

"Nimeuliza kizuizi, mzee wangu," akasema. "Hicho ulichokisema ni kizuizi, au siyo?"

"Kilikuwepo, Padre," Mzee Enoki akajibu. "Nilikuwa mimi. Nimekuja kujiondoa."

Padre aliinama, akaandika neno moja kwenye daftari, akalifunga. Halafu akatangaza harusi, Jumamosi, saa nne asubuhi.